Kwa nini feza ya akiba inakawia kutoka

Siku moja ya mwisho wa mwezi wa nane, mama mmoja wa parokia yetu alitungojea nje ya kanisa baada ya Misa ya pili. Ni mjane, anauza unga wa muhogo sokoni, na kwa miaka mitatu alikuwa akiweka akiba katika nyumba moja ya akiba ya mji wetu. Alikuwa ameomba feza yake itolewe katika buku ya akiba na kuhamishwa katika konti ya shule, ili mtoto wake aandikishwe katika sekondari. Makarani walimwambia arudi juma lijalo. Aliporudi, wakamwambia arudi tena. Basi akatuuliza: «Mwalimu, feza hii ni yangu ao si yangu? Kama ni yangu, kwa nini ninaiomba kama mtu anayeomba deni?»

Siku ile hatukuwa na jibu la kweli. Tulimwambia avumilie, kama tulivyozoea kusema. Lakini neno lake lilibaki moyoni mwetu, kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza hivi. Tulitafuta basi katika historia tujue kuchelewa huku kulianza wapi, na kama ni kwa haki ao ni kwa uzalimu. Tuliyoyapata tunayaandika hapa, maana tunafikiri yatawafaa wengi.

1. Sanduku lenye kufuli tatu

Zamani, katika Ulaya, banki zilikuwa za wafalme na wafanya biashara wakubwa. Maskini hakuwa na mahali pa kuweka feza yake ndogo. Aliifukia chini ya nyumba, ao aliimaliza siku ile ile kwa kuogopa wezi. Alipopatwa na shida, alikopa kwa watu wenye kutoza riba kali, na mara nyingi hakutoka tena katika deni.

Watawa Wafransisko waliona taabu hii katika miji ya Italia. Mwaka wa 1462, katika mji wa Perugia, walisaidia kuanzisha nyumba iliyoitwa «mlima wa huruma». Maskini alileta rehani, pengine nguo ao chombo, akapewa mkopo kwa faida ndogo sana. Mwenye heri Bernardino wa Feltre, aliyekufa mwaka wa 1494, alizunguka akihubiri na kuanzisha nyumba nyingi za namna hii. Wako wataalamu wa teolojia waliokataa, wakisema hata faida ile ndogo ni riba. Mwaka wa 1515 Papa Leo X, katika Mtaguso wa tano wa Laterano, aliamua kwamba faida ndogo ya kulipa watumishi na gharama za nyumba si kosa. Nyumba zile zilikuwa za mkopo, hazikuwa bado za akiba. Lakini zilifundisha neno ambalo tutalihitaji mbele: feza ya maskini inastahili kuwa na mlinzi, na mlinzi ana gharama zake.

Nyumba za akiba zilikuja baadaye. Mwaka wa 1778, katika mji wa Hamburg, Ujerumani, ilifunguliwa moja kwa ajili ya watumishi, vibarua na mafundi wadogo. Mwaka wa 1810, katika kijiji cha Ruthwell, Scotland, mchungaji wa Kiprotestanti, Henry Duncan, alianza nyumba ya akiba kwa watu wa parokia yake. Mtu aliweza kuleta sarafu chache tu. Feza ilitiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake zilikaa kwa watu mbalimbali, hata mmoja peke yake asiweze kulifungua.

Wasomaji wetu wa vijijini watacheka wakisikia hivi, kwa maana sanduku hili wanalijua. Vyama vya akiba vya vijiji, vile tunavyoviita AVEC, vilianza katika nchi ya Niger mwaka wa 1991, na leo viko pande nyingi za Kongo. Navyo vina sanduku lenye kufuli tatu. Mama mwenye ufunguo mmoja akienda kuzika ndugu yake mbali, sanduku halifunguki mpaka arudi. Hakuna anayemshtaki. Wote walijua tangu siku ya kwanza kwamba kufuli ziliwekwa hivyo ili mwizi asipate njia. Huko ndiko kuchelewa kwa kwanza: kuchelewa kwa ulinzi.

2. Feza iliyokwenda kazini

Wengi wetu tunafikiri kwamba feza tuliyopeleka katika nyumba ya akiba imelala pale katika sanduku, noti zile zile tulizozitoa mikononi, na jina letu juu yake. Sivyo. Nyumba ya akiba inalipa faida kidogo kila mwaka. Faida hiyo inatoka wapi? Inatoka kwa watu waliokopeshwa feza yetu: huyu amejenga duka, yule amenunua ng'ombe, mwingine amelima shamba. Feza imekwenda kazini.

Tuchukue mfano wa muhogo. Mtu akipanda miti yake ya muhogo mwezi huu, hawezi kusema mwezi ujao: nipeni muhogo wangu nile leo. Miti iko udongoni. Bwana Yesu mwenyewe, katika mfano wa talenta, alisema juu ya bwana aliyemkemea mtumishi wake kwa sababu hakupeleka feza kwa wenye banki ili ipate faida. Yule bwana alikuwa amesafiri siku nyingi. Alijua kwamba faida inaomba muda.

Tuseme sasa watu 100 wameweka kila mmoja franka 10.000. Jumla ni franka 1.000.000. Nyumba ya akiba inakopesha 800.000 na kubakiza 200.000 sandukuni. Siku za kawaida watu wawili ao watatu wanakuja kutoa feza yao, na kila kitu kinakwenda vizuri. Lakini wakija watu 30 siku moja, feza ya sandukuni haitoshi, hata kama hakuna aliyeiba kitu. Kwa hiyo nyumba nyingi za akiba, tangu zamani, ziliandika sharti: mwenye kutaka feza nyingi atoe habari mbele, siku kadhaa ao majuma kadhaa, ili feza iitwe kutoka kazini.

Hiyo ndiyo tofauti ya konti ya akiba na konti ya kila siku. Konti ya kila siku ni kama mtungi wa maji mlangoni: unachota unapotaka, lakini hauzai kitu. Konti ya akiba ni shamba. Mtu akichukua faida ya shamba, amekubali pia kungojea kwake. Huko ni kuchelewa kwa pili, kuchelewa kwa mapatano.

3. Barua ya kwenda na kurudi

Mwaka wa 1861 Uingereza ilianza nyumba ya akiba ndani ya posta za nchi nzima. Ilikuwa msaada mkubwa, maana posta ilikuwa karibu hata na mtu wa kijijini, na serikali yenyewe ilisimama kuwa mdhamini. Lakini hesabu zote zilishikwa mahali pamoja, London. Mtu akitaka kutoa feza yake, alijaza karatasi, karatasi ikaenda London kwa posta, makarani wakatafuta jina lake katika daftari kubwa, wakaandika hati ya malipo, hati ikarudi kwa posta, ndipo alipokwenda na hati hiyo pamoja na buku yake kulipwa. Mwaka wa 1893 waliruhusu kuomba feza kwa telegramu. Mwaka wa 1905 waliruhusu posta kulipa papo hapo kiasi kidogo, kisichopita pauni moja. Tazameni basi: ilipita miaka 44 kabla ya mtu wa kawaida kupewa hata pauni moja ya akiba yake bila kungojea barua.

Ubelgiji ulipata nyumba yake kuu ya akiba kwa sheria ya mwaka wa 1865, iliyoletwa na waziri Frère-Orban, nayo pia ilishirikiana na posta. Na kwetu Kongo, wakati wa Wabelgiji, Caisse d'Épargne iliundwa mwaka wa 1950. Huo ulikuwa wakati wa Mpango wa miaka kumi, ambapo miji ilikua na wafanya kazi wengi walianza kupokea mshahara wa kila mwezi. Wazee wetu walipewa buku ndogo. Kila mara walipoweka feza, karani aliandika kiasi na kupiga muhuri. Wazee wengine wametuonyesha buku hizo; wamezihifadhi pamoja na karatasi ya ubatizo.

Buku hiyo ilikuwa hati ya kweli. Lakini nchi yetu ni kubwa, na karatasi ilisafiri kwa gari la moshi, kwa mashua, na kwa motokari katika njia za matope. Kuchelewa kwa namna hii, kuchelewa kwa njia, kunachosha, lakini hakuli feza ya mtu. Aliyeacha franka mia alipokea franka mia, na faida yake juu.

4. Franka hamsini kwa majuma mawili

Iko namna ya nne, nayo ndiyo mbaya. Tutaiona kwanza katika nchi ya Ufaransa, kwa sababu huko walijifunza kwa machozi.

Nyumba ya akiba ya Paris ilianzishwa mwaka wa 1818, na nyingine nyingi zikafuata. Feza yao iliwekwa katika hazina ya serikali na katika hati za deni la serikali. Mwezi wa pili wa 1848 mapinduzi yalimwangusha mfalme. Watu waliogopa, wakakimbilia akiba yao. Serikali mpya haikuwa na feza ya kuwatosha. Tarehe 9 mwezi wa tatu ilitoa amri: kila mtu atalipwa franka 100 tu za mkononi, zilizobaki atapewa karatasi za deni la serikali. Na karatasi zile, wakati huo, zilikuwa zimeshuka bei sokoni. Mtumishi wa nyumbani ao fundi viatu aliyehitaji chakula aliziuza kwa hasara. Aliambiwa kwamba amelipwa, lakini mkononi alikuwa na pungufu ya alichoweka.

Mwaka wa 1870, katika vita na Wajerumani, wenye akiba walizuiwa tena, wakaruhusiwa kutoa franka 50 tu. Baada ya mambo hayo mawili, Wafaransa waliandika katika sheria ya mwaka wa 1881 kwamba, shida kubwa ikiipata nchi, serikali inaweza kuamuru akiba ilipwe franka 50 kwa kila majuma mawili. Na kweli, vita kubwa ilipokaribia mwishoni mwa mwezi wa saba 1914, amri hiyo ilitumika.

Kuna watu wanaosema sheria ile ilikuwa ya kuwaonea wenye akiba. Sisi tunaona ilikuwa na heri moja: ilisema ukweli mapema. Mtu wa 1848 alidanganywa, maana aliahidiwa feza na akapewa karatasi. Mtu wa 1914 alijua tangu siku ya kuandikishwa kwamba siku ya vita atapewa kidogo kidogo. Wote wawili walingojea, lakini mmoja tu alivunjiwa neno.

5. Yaliyotupata sisi Kongo

Sasa turudi kwetu. Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa sita 1960, na katika siku chache nchi ilivurugika. Tarehe 11 mwezi wa saba Katanga ilijitenga, na mwaka wa 1961 ikatoa franka zake. Mtu aliyekuwa na buku ya akiba upande mmoja na jamaa upande mwingine alijikuta kati ya nchi mbili zilizokuwa nchi moja. Lakini hasara kubwa ilikuja polepole, bila kelele.

Tuhesabu pamoja. Mwaka wa 1960 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na franka 50. Mzee aliyekuwa na franka 1.000 katika buku alikuwa na dola 20. Serikali ilishusha thamani ya franka mwaka wa 1961, na tena mwaka wa 1963. Tarehe 24 mwezi wa sita 1967 ilileta feza mpya, zaire. Zaire moja ilichukua nafasi ya franka 1.000, nayo ilihesabiwa kuwa dola 2. Basi mzee aliyengojea miaka saba, akifikiri akiba yake imelala salama, alikuta sehemu moja tu katika kumi. Hakuna karani aliyemwibia. Kila kitu katika buku kiliandikwa sawasawa.

Wengine walisema: heri kuweka noti nyumbani. Lakini mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu kuzibadilisha, na kwa kipimo. Sisi tulikuwa hatujazaliwa, lakini wazee wametusimulia namna watu wa mbali walivyofika na mizigo ya noti wakakuta mlango umefungwa. Hivi hata chini ya godoro hapakuwa mahali pa usalama.

Kisha zikaja taabu za miaka ya 1990. Katika mwaka wa 1994 peke yake bei za vitu zilipanda zaidi ya mara tisini. Banki hazikuwa na noti za kutosha. Hapo ndipo ilipotokea ajabu ambayo vijana hawaijui: feza iliyoandikwa katika konti na feza iliyo mkononi hazikuwa tena na bei moja. Mwenye feza katika banki, akitaka noti, alikubali kupoteza sehemu yake ili apewe zilizobaki mkononi. Kutoa feza yako mwenyewe kulikuwa biashara, na wewe ndiwe uliyelipa.

Fikirini mtu aambiwe siku zile: rudi baada ya siku thelathini. Kama bei zinapanda mara mbili kwa mwezi, kungojea mwezi mmoja ni kupoteza nusu ya feza. Neno lile lile «rudi mwezi ujao», ambalo mwaka wa 1955 lilichosha miguu tu, mwaka wa 1994 lilimnyang'anya mtu chakula cha watoto.

Mwezi wa kumi 1993 serikali ilileta zaire mpya: moja kwa zaire 3.000.000 za zamani. Mwezi wa sita 1998 ikaja franka ya Kongo tunayoitumia: moja kwa zaire mpya 100.000. Pigeni hesabu wenyewe: franka moja ya 1998 ni sawa na zaire za zamani 300.000.000.000. Nyumba ya akiba ya 1950 iliitwa CADEZA wakati wa Zaire, na CADECO tangu 1997. Jina lilidumu kwa namna yake, lakini akiba ya wazee ilikuwa imekwisha kuyeyuka kama chumvi mvuani. Zile buku zilizohifadhiwa pamoja na karatasi za ubatizo hazina kitu ndani yake.

Ndiyo maana leo mtu akichelewa kupewa feza yake siku tatu, moyo unamdunda. Si upungufu wa akili. Ni ukumbusho wa mambo yaliyowapata baba na mama zake. Na ndiyo maana pia sehemu kubwa ya akiba katika banki zetu inawekwa kwa dola.

6. Vyama vya watu wanaojuana

Banki kubwa zilipowasahau watu wadogo, wengine walirudi kwenye njia ya Ruthwell: watu wanaojuana waweke pamoja. Mkatoliki wa Canada, Alphonse Desjardins, alianzisha chama cha namna hiyo katika mji wa Lévis mwaka wa 1900, na mapadri wa parokia nyingi walimsaidia kukieneza. Kwetu Kivu, tangu miaka ya 1970, wamisionari walisaidia kuanzisha vyama vya akiba na mikopo, ndivyo COOPEC zetu. Wanafunzi wengi walilipiwa shule na feza iliyotoka huko. Sheria ya tarehe 2 mwezi wa pili 2002 iliviweka vyama hivi chini ya uangalizi wa Banki Kuu.

Lakini sheria peke yake haileti noti sandukuni. Mwaka wa 2016 banki moja iliyojulikana nchini ilikosa feza, na wateja walisimama mistari mirefu wapewe kiasi kidogo tu. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita iliingia Goma, na katikati ya mwezi wa pili iliingia Bukavu. Banki zikafunga milango. Watu wenye akiba halali walikosa feza ya dawa. Wengine walivuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta noti. Wengine walipitia feza ya simu, wakakatwa sehemu ili wapewe noti mkononi. Yaliyowapata Wafaransa mwaka wa 1870 yaliwapata ndugu zetu, tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyeambiwa mapema hata kiasi gani atapewa na siku gani.

7. Tuhukumu namna gani?

Basi, wasomaji wapenzi, tumeona kuchelewa kwa namna nne: kwa ulinzi, kwa mapatano, kwa njia, na kwa kukosa feza. Mtu wa sokoni anazichanganya zote na kusema: ni wezi. Karani naye anazichanganya zote na kusema: ni sharti ya kazi. Wote wawili wanakosea.

Kufuli tatu ni haki. Muda uliopatana ni haki, kama mwenye feza aliambiwa kwa lugha anayoisikia. Urefu wa njia tunauvumilia, ingawa leo, simu ikiwa inafikisha habari katika nukta moja, hauwezi tena kuwa udhuru wa majuma mawili. Lakini nyumba isiyo na feza, ikimwambia mtu «mashine imeharibika» ao «mkubwa amesafiri», inasema uongo. Na kama inaendelea kupokea akiba mpya mlangoni huku haiwezi kulipa ile ya zamani, inavunja amri ya saba. Kitabu cha Methali, katika sura ya 3, kinatukataza kumwambia jirani aende na kurudi kesho, wakati kitu chake tunacho. Mtume Yakobo, katika sura ya 5, anasema kilio cha mfanya kazi aliyenyimwa mshahara kinafika mbele ya Mungu. Akiba ni nini, kama si mshahara ambao mtu hakuula? Anayeizuia bila haki amezuia jasho.

Amri hii inatugusa sisi wa Kanisa pia. Mara nyingi wakristu wanatuwekea feza: ya jumuiya, ya mazishi, ya safari ya hija. Mtu akija kuiomba nasi tukamzungusha kwa sababu tumeitumia kwanza kwa shida nyingine, hata shida njema, tusijifiche nyuma ya neno «parokia». Tumwambie ukweli siku ile ile, na tumpe siku ya kulipwa.

Kwa wenye kuweka akiba tuna mashauri machache. Kabla ya kutia saini ao kidole, ulizeni maneno haya: nitangojea siku ngapi nikitaka feza yangu? Nikitaka yote mara moja, sharti ni gani? Feza ikihamishwa katika konti nyingine, itakatwa kiasi gani? Nikicheleweshwa, nimwandikie nani? Feza ya shule iombwe mwezi wa saba, si mwisho wa mwezi wa nane. Feza ya ugonjwa isiwekwe yote katika konti ya akiba. Sehemu ndogo ikae mahali inapoweza kuchukuliwa usiku. Tena ombi lolote liandikwe katika karatasi mbili, moja ibaki kwenu na muhuri na tarehe. Neno la mdomo halina mzee wa kulishuhudia.

8. Mwisho wa habari ya yule mama

Tulikwenda pamoja naye katika nyumba ile ya akiba. Karani, kijana mwenye adabu, alifungua buku ya mama ukurasa wa mwisho. Pale, kwa herufi ndogo na kwa Kifaransa, iliandikwa kwamba kiasi kama kile kinaombwa siku thelathini mbele. Chini yake kilikuwa kidole cha mama. Na pembeni, mahali pa shahidi, tulikuta saini yetu wenyewe.

Ndiyo, sisi ndisi tuliompeleka miaka mitatu mbele, siku alipoandikishwa. Tulikuwa na haraka ya kurudi kwenye mafundisho ya kipaimara. Kifaransa tunakijua, tulikisoma seminarini. Hatukumsomea. Tulimwonyesha tu mahali pa kutia kidole.

Mama hakutukaripia. Alisema: «Basi, Mwalimu, ni yangu, lakini nilipaswa kuiomba mapema.» Siku ya thelathini alilipwa feza yake yote, bila kukosa hata franka moja, na nyumba ile haikuwa imevunja neno lake. Mtoto aliingia shule majuma mawili baada ya wenzake, na mpaka leo anafuata masomo.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya mafundisho, tunakaa nusu saa chini ya mwembe wa misioni. Mwenye buku ya akiba, mkataba ao karatasi yoyote asiyoielewa anaileta, nasi tunamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka ukurasa wa mwisho. Tunaomba makatekista wenzetu wafanye vivyo hivyo katika vituo vyao. Mungu awabariki, ninyi na kazi ya mikono yenu.